Mteremko wa Mama Mkwe

Kitale, 13 Januari 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Binti yako Joan ameniambia kwamba tangu upasuaji wa koo huwezi tena kuzungumza kwa simu, na kwamba sauti yako imebaki pumzi tu. Kwa hiyo nakuandikia, nawe utapata nafasi ya kunisahihisha kwa kalamu nyekundu kama zamani chuoni.

Nina habari njema. Kisima cha kijijini kwetu, Subira, kitapanuliwa. Umepatikana msaada wa pampu ya sola na mabomba mapya. Maji yatafika shule ya msingi, zahanati inayojengwa, na nyumba zote za chini ya barabara. Ofisi yetu ya maji imeniachia mimi jukumu la kuidhinisha kazi hiyo. Hebu fikiri: mtoto wa Kibe, aliyekunywa maji ya kisima hicho tangu akiwa darasa la tatu, ndiye atakayetia sahihi.

Msingi wa kazi yote ni ripoti yako ya mwaka 1998. Bado tunawapa waisome vijana wanaokuja kujifunza kazi hapa, ili waone namna mtaalamu wa maji ya ardhini anavyochagua mahali pa kuchimba. Nakuomba maneno machache tu, kwa mkono wako, kwamba unayoyajua kuhusu eneo lile hayajabadilika.

Shemeji yako Matthew, mwenyekiti wa kamati ya maji, anasema, "Mwambie mzee Wekoye asipokuja kufungua bomba, tutasema kisima kilichimbwa na mwingine!" Uzinduzi ni mwisho wa Februari.

Mama yangu, Gladwell, anakusalimu na kukuombea.

Mwanafunzi wako,
Nyaguthii Kibe


Kimilili, 22 Januari 2025

Nyaguthii mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako.

Usiidhinishe kazi hiyo. Ripoti ile ni ya zamani. Mabomba ya chuma yaliyozamishwa kisimani yatakuwa yameshaliwa na kutu, na ng'ambo ya barabara, upande wa kusini, mwamba ni mzuri zaidi. Anza upya huko. Pia, usitosheke na vipimo vya kawaida. Tafuta maabara yenye vipimo vipana.

Hali yangu ni ya mtu wa umri wangu. Nakwenda hospitali ya Lugulu kila wanaponiita, nao wananirudisha nyumbani kwa upole. Nimeshawaelewa.

Fanya kama nilivyokuambia.

Wekoye Wabwile


Kitale, 3 Februari 2025

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na nisamehe nikisema sikuielewa.

Ng'ambo ya barabara, upande wa kusini, ni mashamba yetu. La kwanza ni la baba. Nikikitoa kisima kwenye shamba la marehemu mama mkwe wako, Nakhungu, nikakipeleka kwa Kibe Mathenge, unajua kitakachosemwa Subira. Wewe unaikumbuka miaka ile ya moto, makabila yetu yalipochomeana nyumba. Watu wamekaa vizuri sasa: wanaoana, wanazikana, wanapanga foleni moja ya maji. Unataka mimi, Mkikuyu, ndiye niseme maji ya Wabukusu hayafai?

Vipimo vimefanywa. Hakuna vijidudu, chumvi ni ya kawaida, madini yanayoharibu meno ni kidogo. Vipimo vipana vinafanyiwa Nairobi, na ofisi haiwezi kuviagiza bila sababu ya maandishi. Nilimwambia Matthew kwamba una wasiwasi. Akacheka. "Si unajua wazee? Kitu alifanya akiwa kijana, sasa anaona wivu wenye wataongeza yao juu." Nilimkemea, lakini nakiri nami niliwaza hivyo kidogo.

Mwalimu, baba alikipenda kisima kile kuliko ng'ombe wake. Hata alipolala na saratani ya kibofu, na mikono ile yake iliyokuwa migumu kama ganda la nanasi, alikataa maji ya chupa tuliyomletea. "Nipeni ya Wekoye," alisema. Tulimpa mpaka siku ya mwisho.

Niandikie sababu. Sababu yoyote inayoweza kusimama mbele ya kamati. Nisipoipata, nitatia sahihi tarehe ishirini.

Wako kwa heshima,
Nyaguthii


Kimilili, 9 Februari 2025

Nyaguthii,

Maji ya Subira yana aseniki. Hiyo ndiyo sababu, na hiyo ndiyo iliyomuua baba yako: huanza viganjani, mwisho wake ni saratani.

Nimeliandika la kwanza lililopaswa kuandikwa, ili hata usipoendelea kusoma uwe umeshalipata. Funga pampu leo.

Kabla ya watu wetu kugawiwa Subira, lilikuwa shamba la mzungu mmoja mwenye ng'ombe wengi. Mashamba yale yote yalikuwa na majosho ya kuogeshea ng'ombe, na dawa ya kuua kupe siku zile ilikuwa aseniki. Sumu hiyo haiozi wala haichoki. Mahali lilipokuwa josho itakaa udongoni vizazi na vizazi, na mvua ikinyesha itashuka nayo. Hayo niliwafundisha nyinyi darasani, nawe uliyaandika. Niliwaambia pia kwamba kabla hujaelekeza mashine ichimbe, utembee kwa miguu mteremko wote ulio juu ya mahali hapo, uone kila shimo, kila choo, kila ukuta wa kale.

Mimi sikuutembea.

Juu ya mahali pale palikuwa na boma la mama mkwe wangu, Nakhungu. Unajua mila yetu, ingawa vijana wa siku hizi wanaichezea. Mwanamume wa Kibukusu haonani uso kwa uso na mama aliyemzaa mkewe. Wakikutana njiani mmoja huingia vichakani. Haingii jikoni kwake, hazunguki nyuma ya nyumba yake. Siku niliyofika na vyombo vyangu, mlango wake ulifungwa mara moja. Alikuwa ndani, na alikaa humo mpaka jioni kwa kuniheshimu, bila hata kutoka kulisha kuku. Nami kwa kumheshimu nilipima kutoka barabarani hadi kwenye ua wake wa michongoma, nikaishia hapo. Ningeweza kumtuma mtu. Nilikuwa na vijana wawili wa kupima. Lakini niliona aibu kuwatuma wageni wachungulie nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu. Katika ripoti niliandika kwamba mteremko wote umekaguliwa na hauna kitu.

Maji yalipatikana tabaka la juu, mengi kuliko nilivyotarajia. Ilifaa tuzibe tabaka lile kwa saruji na kuteremka hadi mwamba mgumu, lakini watu walikuwa wamesimama pale wanaimba. Nikaacha tuyachukue hayo hayo ya juu.

Mpaka hapo lilikuwa kosa. Sasa sikiliza lisilokuwa kosa.

Nakhungu alifariki mwaka 2009. Siku ya mazishi ndipo nilipoingia boma lile kwa mara ya kwanza, na hata siku hiyo niliketi kando, kama inavyompasa mkwe. Wachimba kaburi walikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Wakagonga saruji. Wakaja kuniita, wakicheka: "Mwalimu, njoo uangalie, mama alikuwa na swimming pool!" Nilikwenda. Ulikuwa mfereji mrefu, mwembamba, uliofukiwa, na upande mmoja una ngazi za kutokea ng'ombe. Niliutambua kabla sijaufikia. Mmoja akaniuliza, "Hii ni nini sasa?" Nikajibu, "Ni tangi tu la zamani. Sogezeni kaburi upande wa mlangoni."

Wakasogeza. Nikarudi kukaa, nikaimba na wengine.

Baadaye nilichota maji ya kisima, nikayapeleka mwenyewe Nairobi, nikawaambia ni ya mteja. Jibu lilipokuja nililichoma jikoni. Mke wangu Nabwile aliniuliza nachoma nini, nikamwambia karatasi.

Unataka kujua kwa nini nilinyamaza. Nilijiambia kwamba majivu ya nyumba yalikuwa hayajapoa. Ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya watu kufukuzana kwa mishale. Ningesimama na kusema kwamba kwenye shamba la Mbukusu kuna sumu inayoteremka kwa Wakikuyu, nani angelala salama? Sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini ingekuwa ndiyo peke yake, ningesema mwaka uliofuata, au mwingine baada yake. Amani ilikaa, nami nikaendelea kunyamaza. Ripoti ile ilinipa jina. Nilialikwa kuisoma mbele ya wataalamu wa nchi za mbali. Kila mwaka uliopita uliifanya siku ya kusema kuwa ngumu zaidi.

Ulipokuja chuoni sikujua wewe ni nani mpaka nilipoona jina la kijiji chako. Usifikiri nilikulea kwa sababu ya majuto. Ningekuwa nimefanya hivyo ningekuwa mtu afadhali. Nilikulea kwa sababu ulikuwa hodari.

Waonyeshe barua hii wote inaowapasa. Usinifichie kitu.

Wekoye Wabwile


Kimilili, 12 Machi 2025

Dada Nyaguthii,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya baba ya mwezi uliopita. Alinipa niitume. Haikuwa imefungwa, nami niliisoma. Sikuituma.

Sitakudanganya kwamba nilisahau. Niliiweka chini ya godoro langu. Niliona jina la bibi yangu, niliona mjomba Matthew, niliona mazishi ya baba yangu na watu wasiokuja. Kila asubuhi aliniandikia kwenye kibao chake: "Amejibu?" Nami nilitikisa kichwa. Alidhani umemtupa, na nilimwacha adhani hivyo.

Jana mjomba Matthew alinitumia picha za uzinduzi. Watoto wa shule wamepiga magoti chini ya bomba jipya, wameweka midomo. Nimezitazama picha hizo mpaka nikashindwa kupika.

Likizo zangu zote za utotoni nilizimaliza kwa bibi. Niliichukua taa nikaangalia viganja vyangu. Sijui ninachotafuta. Wewe unajua?

Joan


Kitale, 16 Aprili 2025

Mzee Wekoye,

Barua yako ilinifikia nikiwa nimeshatia sahihi. Tarehe ishirini Februari, kama nilivyokuambia. Joan amenieleza sababu. Sina nguvu ya kumkasirikia yeye.

Siku ile ile barua ilipofika nilikwenda Subira nikaifunga pampu kwa mnyororo. Nilituma maji Nairobi kwa gharama yangu. Majibu yamekuja: ni kama ulivyosema, na pengine ni zaidi ya ulivyoyaona wewe. Watoto wa shule walikuwa wameyanywa tangu uzinduzi. Wale wa nyumbani, tangu wazaliwe.

Mnyororo ulikatwa kabla sijafika mjini.

Tulifanya mkutano. Niliwaonyesha karatasi za maabara. Matthew alizishika juu chini akauliza, "Aseniki ni nini? Ina harufu? Ina rangi? Mimi nimekunywa hii maji nikazaa watoto sita. Ama hao pia ni sumu?" Watu wakacheka. Mama mmoja akasimama: "Si wewe ni msichana wa Kibe? Ati sasa maji ya Mama Nakhungu imekuwa mbaya, na yenye iko kwa shamba yenu ndio tamu? Sema tu mnataka kisima, bana. Sisi si wajinga." Nikawaambia kwamba wewe mwenyewe umeandika. Matthew akasema, "Huyo mzee hata kuongea hawezi. Barua unaweza kuandika wewe."

Wanayanywa hadi leo. Nimekwenda kwa wakubwa wangu, nao wanasema twende taratibu, kwa sababu sahihi iliyo pale ni yangu.

Mama anaamini. Alitazama mikono yake, akauliza tu, "Hata hii?" Sasa ananunua maji ya mkokoteni, na majirani wamekatiza salamu.

Sitaki uniombe msamaha, na nakuomba usijaribu. Nataka uje Subira. Uje ukionekana, ukae mbele yao, na maneno yako yasomwe na mtu wa damu yako kwa lugha yao. Wewe ndiye mkwe wa boma lile. Nikisema mimi ni siasa. Ukisema wewe ni ushahidi.

Na nina swali moja. Mwaka 2013, nilipohitimu, ulikuja nyumbani kwetu. Wakati huo ulikuwa umeshajua. Baba alichinja mbuzi, mama akatengeneza chai. Sikumbuki vizuri, na tangu Machi silali nikijaribu kukumbuka. Ulikunywa?

Nyaguthii Kibe


Kimilili, 6 Mei 2025

Nyaguthii,

Uliondoka kwenye mkutano wa Subira bila kunikaribia, na ni haki yako. Kwa hiyo nakujibu kwa barua. Joan amejitolea kuniandikia, nimekataa.

Wewe ulikuwa umesimama nyuma, kwenye mlango wa kanisa, na labda hukuona yote. Joan aliposoma, kwa Kibukusu, kwamba sikuutembea mteremko kwa sababu ya mila, wazee waliitikia kwa vichwa. Walinielewa, na hilo liliniuma kuliko matusi. Waliposikia habari ya kaburi ndipo walipoacha kuitikia. Mmoja wa wachimba kaburi wa siku ile alikuwepo. Alisimama akasema, "Ni kweli. Alituambia ni tangi." Akaketi akajifunika uso kwa kofia.

Ulipokuwa umeshaondoka, Matthew alikwenda nyuma ya nyumba ya mama yake na jembe, watu wakimfuata. Mimi nilibaki kwenye gari. Nilisikia jembe likigonga saruji. Alirudi akinipita bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kwenye pampu, akakata waya zake kwa panga. Halafu akaketi chini pale pale kwenye matope, mtu mzima wa umri ule. Kina mama wengi walimwaga madumu yao. Wengine walikwenda nayo nyumbani yakiwa yamejaa, kwa sababu ilikuwa jioni na watoto hawajala. Tangu siku hiyo wanachota mtoni, na Joan amesikia kuwa zahanati ya jirani imeanza kupata watoto wanaoharisha. Wahimize wakubwa wako walete maji ya lori. Usingoje wao wakuite.

Ukichimba tena, ziba tabaka la juu lote kwa saruji, hata kama watu wanaimba. Na aliyeidhinisha uchunguzi wa kwanza ni mimi, si wewe. Nimewaandikia wakubwa wako hivyo, na Joan amepeleka nakala mwenyewe mkononi.

Wapimwe wote. Anza na Joan. Amekubali, lakini anaogopa kwenda peke yake. Sina haki ya kukuomba uandamane naye, ila nimeona kwamba hana mwingine anayejua cha kutafuta.

Mama yako alikuja kwenye dirisha la gari. Nilidhani atanitemea mate, nikajiweka tayari. Aliiweka mikono yake yote miwili juu ya kioo, viganja vikinielekea, ili nivione. Akasema, "Wekoye, uliushika mkono wa mume wangu hapa hapa, ukamwambia ni jembe." Nilikuwa nimelisahau hilo, Nyaguthii. Katika yote niliyoyakumbuka na kuyaandika, hilo nilikuwa nimelisahau. Nilimwambia baba yako kwamba ugumu ule wa viganja ni wa jembe, apake mafuta ya ng'ombe.

Sasa swali lako.

Nilikunywa. Ningekataa wangeuliza kwa nini. Mama yako alinimiminia chai ya maziwa, nikaimaliza, akaniongeza, nikaimaliza tena nikamsifu mbele ya wageni. Usinihesabie hilo kuwa ujasiri, wala usifikiri nilikuwa najiadhibu. Sumu ile inahitaji miaka. Vikombe viwili havimdhuru mtu, na pale mezani ni mimi peke yangu niliyelijua hilo.

Wekoye Wabwile